Nafasi ya Vidole Viwili Chini ya Nguzo

Siku niliyoripoti kwenye ujenzi wa ghala la mananasi, nikiwa na digrii ya uhandisi na kofia ngumu nyeupe isiyo na mkwaruzo hata mmoja, fomani alinitazama kuanzia juu mpaka chini, kisha akarudia kuanzia chini mpaka juu, asije akawa amepitwa na kitu.

"Shikamoo, mzee," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Viatu hivyo umenunua mwenyewe, au kuna mtu ana kisasi nawe?"

Hayo ndiyo yalikuwa makaribisho, na hayakuwa na nyongeza. Haikutimia saa moja msumari ukapenya soli ya kiatu changu cha kulia. Aliyeleta maji ya chumvi ya kuoshea kidonda ni yeye. Aliniinamia kwa upole wa muuguzi, huku akiwatangazia mafundi wote, kwa sauti ya muadhini, kwamba chuo kikuu siku hizi kinafundisha kila kitu isipokuwa kukanyaga.

Nilifanya naye kazi miaka mitano, kwanza pale kwenye ghala, njia ya kwendea Msata, kisha kwenye kazi nyingine ndogondogo za kampuni ileile. Jina lake nalijua, lakini sikumbuki kulitumia. Hata mkewe alimwita fomani, na sauti aliyotumia ilitegemea siku.

Kazi yake hasa ilikuwa miguu ya nguzo. Kwa asiyejua, nguzo ya chuma haisimami juu ya zege hivihivi kama mti ulioota. Chini yake huchomelewa bamba nene la chuma lenye matundu manne, na kwenye zege huwa zimechomoza boliti nne zinazolisubiri. Bamba huvishwa kwenye boliti likakaa juu ya nati, na kati ya bamba na zege hubaki nafasi ya kama vidole viwili. Nati hizo ndizo za kupandisha na kushusha mpaka bamba lilale sawa kama maji mtungini. Kisha nafasi ile hujazwa grauti, unga wa saruji maalumu unaokorogwa ukawa kama uji, ukaingia kila pembe, na ukikauka hausinyai. Hapo ndipo uzito wa nguzo, paa na upepo wote wa bahari unapopata mahali pa kukalia. Bila grauti, jengo zima linasimama juu ya nati.

Ni kazi ambayo ikifanywa vizuri haionekani. Ikifanywa vibaya pia haionekani, neema ambayo wako watu katika ujenzi wanamshukuru Mungu kwayo kila siku.

Fomani hakuwa mmoja wao. Alikuwa na pima maji moja ya alumini, ndefu kama mkono wa mtu mzima, ambayo aliifunga kwa kipande cha kanga na kuipakata popote alipokwenda. Akishaisoma juu ya bamba aliigeuza, kichwa kikawa mkia, akaisoma tena, kwa sababu, alisema, hata shahidi mwaminifu si vibaya kumuuliza swali lilelile mara mbili. Kampuni ilikuwa na mashine ya kupimia usawa, ya miguu mitatu, ya bei mbaya. Aliitumia, tena vizuri kuliko mimi niliyeisomea. Lakini aliiita bwana harusi, kwa kuwa haitoki bila mwavuli na mtu wa kuibebea vitu.

Ukimwambia, "Fomani, naona bamba liko sawa," alikujibu, "Hongera. Sasa nenda ukapime." Neno "naona" alilichukia kama wengine wanavyochukia matusi. Alinifundisha kulala kifudifudi kwenye vumbi, shavu juu ya zege, na kuchungulia chini ya bamba kwa kioo kidogo cha kunyolea ndevu. Alinifundisha kwamba uso wa zege lazima uchongwe kwa tindo mpaka uwe na makovu, usafishwe, uloweshwe siku nzima, kisha maji yaliyotuama yaondolewe yote. Na kwamba grauti humiminwa upande mmoja tu, ili hewa ipate kukimbilia upande wa pili. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo alichonifundisha bila kunitukana kwanza. Mara ya kwanza nilipoinuka na vumbi usoni aliwaambia mafundi, "Mtazameni. Sasa anafanana na mtu aliyesoma."

Msidhani alikuwa hivyo kwangu tu. Kulikuwa na mwashi mmoja, rafiki yake wa miaka mingi, aliyemimina grauti kutoka pande mbili kwa haraka ya kwenda kula, hewa ikabaki katikati. Fomani alimsema mbele ya kila mtu, akamsema tena wakati wa chakula, na siku ya pili akamsimulia mama ntilie, ambaye hakuwa ameuliza. Mwashi akanuna. Hawakusemeshana tangu mvua za vuli mpaka masika yalipokaribia. Kisha mwashi akaugua homa, akalala kwake wiki mbili, na kila baada ya siku mbili alipelekewa samaki. Mpelekaji aliagizwa aseme wametoka ofisini. Mwashi alipopona alikwenda ofisini kushukuru, na ofisi, ambayo haikuwa imepeleka hata kichwa cha dagaa, ikapokea shukrani hizo bila kusita. Fomani alikuwa amesimama palepale mlangoni. Alipoondoka mwashi, alisema tu kwamba homa imempunguza mwili lakini haikumwongezea akili.

Nilikwenda nyumbani kwake Kaole mara moja, sikukuu ya Idi ndogo, kumpelekea mkewe salamu na sukari. Nilitarajia nyumba iliyonyooka kama msahafu juu ya marufaa. Mlango wa mbele haukufunga. Ulizuiwa kwa jiwe, na jiwe lenyewe lilikuwa limekaa muda mrefu hadi kung'aa. Meza tuliyolia pilau ilicheza kila nilipoiegemea, na chini ya mguu wake mmoja palikuwa na kipande cha boksi kilichokunjwa mara nne.

"Mwanangu," mkewe aliniambia, "huyu hunyoosha majumba ya watu. Mlango huu nimeuombea tangu binti yangu wa mwisho hajaolewa. Sasa ana watoto wawili."

"Kinyozi hajinyoi, mama," nikasema kwa kutaka suluhu.

"Kinyozi hajinyoi, lakini mkewe si hunyolewa?"

Fomani aliendelea kula. Baadaye kidogo alisema nyumba yenye mlango usiofunga haijawahi kuibiwa, maana mwizi hudhani watu wako macho.

Na alikuwa mwongo. Si kwenye kazi. Kwenye kazi ungeweza kumning'iniza asikwambie bamba liko sawa ilhali limezidi kwa unene wa ukucha. Lakini ruhusa zake zote zilitokana na msiba, na misiba yake yote ilimpata shangazi mmoja. Shangazi huyo, wa upande wa Pangani, alifariki mara tatu katika miezi yangu ya mwanzo peke yake. Mara mbili za mwanzo nilimpa pole kwa moyo mzito. Mara ya tatu nilimuuliza kama ni yuleyule. "Ndiye," akasema, "mtu mgumu sana kuzikika."

Kwa hiyo siku aliyogombana na meneja kuhusu paa la ghala, sikushangaa kesho yake asubuhi kusikia kwamba shangazi ametangulia mbele ya haki kwa mara ya nne.

Ugomvi wenyewe ulikuwa hivi. Ghala lilikuwa na nguzo ishirini na nne. Mabamba kumi na sita yalikuwa yamekwisha kujazwa na kukomaa. Manane ya upande wa baharini yalikuwa yamesawazishwa tu, yako juu ya nati, yakisubiri zamu. Ndipo ikaja habari kwamba mgeni rasmi atafika wiki ijayo kuona maendeleo. Meneja, mtu msafi aliyekuwa na fulana ya kuakisi mwanga iliyopigwa pasi, akaamua kwamba maendeleo hayaonekani bila paa. Kreni ingekuja siku nne baadaye kunyanyua fremu za paa. Fomani alimwambia grauti iliyomwagwa leo haiwezi kubebeshwa paa kabla ya wiki, na akamshauri mgeni rasmi aoneshwe mashimo ya choo, ambayo yalikuwa tayari. Meneja hakupenda ushauri huo. Fomani akaenda kuzika.

Siku mbili alizokuwa hayupo, meneja aliwaita waashi wengine kutoka nje. Jioni ya siku ya pili mabamba yote manane yalikuwa na ukingo wa saruji kuzunguka pande zote, umelainishwa kwa mwiko, mzuri, umechongoka kama maandazi ya harusini. Meneja akaniletea fomu ya ukaguzi, pamoja na kalamu.

Mkataba wangu wa mwaka wa kwanza ulikuwa umebakiza wiki mbili, na mwenye kuuhuisha ni yeye. Sitaki kujifanya sikulifikiria hilo. Nilizunguka nguzo zote nane. Nilitazama. Kioo cha kunyolea kilikuwa mfukoni mwangu na sikukitoa, ingawa hata ningekitoa kisingesaidia kitu, kwa kuwa hapakuwa na pa kuchungulia. Nikaona ziko sawa. Nikatia sahihi.

Fomani alirudi asubuhi iliyofuata, akaenda moja kwa moja upande wa baharini bila hata kuvaa kofia. Alichukua nyundo ndogo, akaligonga bamba la kwanza katikati. Bamba lenye grauti hujibu kwa sauti fupi, nzito, kama mtu aliyeshiba aliyeulizwa kama ataongeza. Hili liliita kama sufuria. La pili likaita. Akaenda hivyo mpaka la nane, polepole, na mimi nikamfuata nyuma, na kila pigo nilihisi nalipata mimi.

Nilisubiri matusi. Hayakuja.

"Umesaini?" akaniuliza.

"Nimesaini."

"Kwa kalamu gani?"

Kama mjinga, nikamwonesha. Aliipokea, akaitazama mbele na nyuma kama anavyoifanyia pima maji yake.

"Kalamu nzuri," akasema. "Inabeba tani ngapi?"

"Fomani..."

"Nauliza, mwanangu, maana ndiyo uliyoiweka chini ya nguzo."

Akanirudishia, akaondoka. Siku ile nzima nilimkwepa. Nilihesabu nondo zilizokwisha kuhesabiwa. Nilimwepuka pia meneja, nikawaepuka mafundi, na ningeweza kujiepuka mwenyewe ningefanya hivyo. Waliopanga kufanya kazi chini ya paa lile walikuwa wanawake wa kuchambua mananasi, mia na zaidi kwa zamu. Nilikuwa nimewaona wakija kuandikisha majina, baadhi wamebeba watoto mgongoni. Hilo nalo nililikwepa, lakini lenyewe lilikuwa na miguu mirefu kuliko yangu.

Kesho yake kreni ikaja. Ilipogeuka kuingia upande wa baharini, dereva akafunga breki. Katikati ya njia, kati ya nguzo ya kumi na nane na ya kumi na tisa, palikuwa pametandazwa mkeka. Fomani alikuwa amevua viatu, ameketi juu yake, amevaa kofia ya vito na uso wa msibani.

Meneja akaja mbio. "Mzee, unafanya nini hapa?"

"Nimefiwa."

"Si ulikwenda kuzika?"

"Nimeshazika. Sasa nakaa matanga. Kwetu ni siku tatu."

"Matanga hukaliwa nyumbani kwa marehemu!"

"Na ndipo nilipo." Akanyoosha mkono, akalipiga bamba kwa kifundo cha kidole. "Msikilize. Amekufa hana kitu tumboni."

Nilidhani mafundi watacheka. Wa kwanza kusogea alikuwa yule mwashi wa samaki. Alivua kofia yake ngumu, akainama, akampa fomani mkono wa pole.

"Pole, bwana. Kazi ya Mungu haina makosa."

"Haina," fomani akajibu. "Ya meneja ndiyo inayo."

Mwashi akaketi kwenye mkeka. Akafuata mchomeleaji. Wakafuata wafunga nondo, wawili wawili, kila mmoja na "pole mzee" yake, kila mmoja akivua kofia. Mkeka ukajaa, wengine wakakaa kwenye mchanga. Mama ntilie akaleta chai ya tangawizi, akauliza kama msiba huu una kitabu cha rambirambi. Dereva wa kreni, mtu asiyependa ugomvi, akazima injini.

Meneja alikuwa amebadilika rangi. Akafungua faili, akatoa ile fomu, akainyanyua juu ili wote waione.

"Kazi hii imekaguliwa! Injinia amepitisha, sahihi yake hii hapa. Injinia, hebu mwambie huyu mzee wako."

Watu wote wakanigeukia. Fomani peke yake hakunitazama. Alikuwa akipuliza chai.

Nimewahi kusimulia habari hii mara nyingi, na kila nikisimulia naiongezea sauti yangu ushujaa. Ukweli ni kwamba sauti ilitoka nyembamba, na ilibidi niseme mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza hakuna aliyesikia.

"Nilisaini bila kupima."

"Unasema?"

"Nilisaini bila kupima, meneja. Fomu hiyo si ya kweli. Ndani ya yale mabamba hamna kitu, na mimi sijayapitisha."

Nikaichukua fomu mkononi mwake, maana alikuwa ameshikwa na butwaa, nikaandika juu yake kutoka pembe hadi pembe: IMEKATALIWA. Kalamu ni ileile. Nikatafuta pa kukaa. Fomani, bado akitazama kikombe chake, akasogea kidogo kwenye mkeka. Nikaketi.

Paa halikupanda. Meneja alipiga simu nyingi akiwa ndani ya gari, vioo vimefungwa, mikono ikirukaruka kama anaimba kaswida. Mgeni rasmi alikuja, akapokewa kwenye mahema ya kukodi, akatembezwa chini ya nguzo tupu, na katika hotuba yake akalisifu jengo kwa kuwa na mwanga na hewa ya kutosha. Tulipiga makofi sana. Hewa kweli ilikuwepo.

Tulipobomoa kingo zile nzuri tulikuta kila kilichokuwa karibu na waashi siku ile: karatasi za mifuko ya saruji zilizokunjwa na kushindiliwa, vipande vya mbao, na chini ya nguzo ya ishirini na mbili, maganda ya chungwa. Fomani aliyapanga maganda juu ya bamba, yote, kwa mstari, akamwita meneja aje athibitishe kama ni ya daraja la kwanza.

Grauti ya kweli tuliimimina alfajiri, kabla jua halijapasha chuma. Aliswali, akaja, akasema bismillahi, akaanza kumimina upande mmoja wa sanduku la mbao lililozungushiwa bamba. Kisha akazunguka upande wa pili, akachuchumaa, akasubiri. Sijamwona mtu akisubiri kitu namna ile. Uji wa kijivu ulipochungulia upande aliokuwa, ukasogea, ukapanda ukingoni bila povu, uso wake ulifunguka kama wa mtu anayemwona mgeni wake akishuka garini.

"Huyo," akasema.

Tulipomaliza la nane, jua limeshatoka, alinawa mikono kwenye ndoo na kusema jambo ambalo sikulitarajia. "Ningekuwepo zile siku mbili, wasingepaka ule upuuzi." Alisema akitazama maji. Tangu siku ile shangazi wa Pangani hakufa tena. Fomani alipohitaji ruhusa, aliomba ruhusa.

Mkataba wangu ulihuishwa kwa miezi mitatu, "ya kuangaliwa", ikawa mitatu mingine, mpaka meneja mwenyewe akahamishwa na waliobaki wakasahau kwa nini naangaliwa. Fomani walimvumilia kwa sababu hakuna mwingine aliyeijua kazi. Alipopatikana anayeijua nusu yake, akaitwa ofisini akaambiwa kampuni inataka damu changa.

"Vizuri," alisema. "Waimwage chini ya nguzo, waone kama itaganda."

Akatuaga mmoja mmoja, kila mtu na kasoro yake. Mimi aliniambia nipunguze kuomba radhi ninapoingia mahali. Kisha akaenda zake Kaole, na mimi, kama walivyo wengi waliofundishwa na mtu vizuri, nikampigia simu mara mbili tatu, halafu nikawa na shughuli.

Mwaka jana, nikiwa mkaguzi wa kujitegemea, nilitumwa na mwenye mali kukagua jengo la chuma linalojengwa Vigwaza. Msimamizi wa pale alikuwa kijana mwenye miwani ya jua na simu mbili. Alinipokea kwa heshima zote na soda baridi, akanitembeza, huku akinieleza kwamba mabamba tisa yamekwisha kujazwa na la tisa wamelimaliza sasa hivi.

Chini ya turubai, pembeni ya njia, mzee mmoja alikuwa akichekecha unga wa grauti kwa waya wa mbu. Koti lake la kuakisi mwanga lilikuwa la mtu mnene. Nilimtambua kwa mikono kabla ya uso.

"Shikamoo, fomani!"

Msimamizi akacheka. "Fomani ni mimi, Injinia. Huyo babu tu, kibarua wetu."

"Marahaba," mzee akasema, na akaendelea kuchekecha. Nilingoja. Hakusema neno juu ya kofia yangu, wala kitambi nilichoanza kuota, wala miaka niliyokuwa kimya. Hapo ndipo nilipoogopa.

"Mnachekecha nini, mzee?"

"Muulize fomani, Injinia. Mimi ni wa kuchekecha."

"Tunaondoa takataka tu," msimamizi akadakia. Simu yake moja ikalia, akasogea pembeni kuipokea.

Nikachuchumaa karibu. "Kwa nini hukuwaambia unga mzima hauchekechwi?" nikanong'ona.

"Niliwaambia wakubwa watatu kabla ya huyu, kwenye kazi tatu. Kila mmoja alinishukuru akanionesha njia ya kwetu." Waya ukaenda huku na huku. "Mama yenu miguu imekataa. Dawa za miguu, mwanangu, hazinunuliwi kwa msimamo. Kwa hiyo huyu nimeamua kumtii."

Nilinyanyuka, na nilipotaka kupita nikajikwaa. Mabonge yaliyobaki juu ya waya, magumu kama mawe, hayakuwa yametupwa. Yalikuwa yamerundikwa katikati ya njia, mahali ambapo mkaguzi asingeweza kufika kwenye nguzo bila kuyaruka. Na mifuko mitupu, ambayo kila mahali hutupiwa shimoni, ilikuwa imepangwa wima kwenye ukuta wa mabati, zaidi ya thelathini, imenyooshwa, safu moja iliyolingana kama imepigwa kamba, kila mfuko ukiwa umegeuza upande wenye tarehe ya mwisho wa matumizi kuelekea njiani. Ilikuwa imepita kwa miezi minane. Unga ule ulikuwa umekwisha kunywa unyevunyevu wa pwani na kuganda ndani ya mfuko. Ungeuchekecha mpaka kiama, ulikuwa umekufa.

Nikamtazama. Alikuwa akitii.

Nilitoa fomu. Nilijua, kabla sijaandika, kwamba yeye ndiye atakayepewa tindo ya kuvunjia, na kwamba alilijua hilo tangu mfuko wa kwanza alioupanga. Jua lilikuwa la saa tano. Nikayakataa mabamba yote tisa.

Msimamizi alibembeleza, akapiga simu, akanipa mtu niongee naye, akavua miwani, akaivaa tena. Mwisho akamgeukia babu, kwa kuwa kila aliyeshindwa hutafuta wa kumgeukia.

"Babu, chukua tindo uvunje. Anza na ile ya mwisho, bado mbichi."

Fomani aliweka waya chini, akakung'uta mikono, akapokea tindo na nyundo. Alipiga goti moja mbele ya bamba la tisa, akapumzika, kisha la pili. Nilipita karibu yake nikitafuta la kusema. Hakuinua kichwa.

"Barua yako iliyobandikwa pale ofisini ilisema saa tatu," akasema polepole. "Umekuja saa nne."

"Njia ilikuwa na..."

"Ningekuwa na bamba moja pungufu la kuvunja," akasema, akaweka tindo mahali pake, akagonga.